Maswali ya Wasomaji: Pampu ya Ndani ya Tanki na Petroli Inayovuja

Barua nne za safari hii zimetoka Nyanda za Juu Kusini. Tumeziweka pamoja kwa sababu zote zinahusu pampu ya petroli au tanki lake, na mara nyingi uvujaji wa nyuma ya gari huanza siku ile pampu ilipofunguliwa na kurudishwa vibaya.

SWALI: Habari za kazi, mafundi. Naendesha teksi, Corolla NZE yenye injini ya 1NZ, cc 1500. Nikipandisha mlima na abiria wanne gari linavutavuta, kisha linazima. Nikikaa kando dakika ishirini linawaka na kwenda kama halijawahi kuumwa. Fundi anasema pampu ya ndani ya tanki imechoka, na dukani kuna mpya ambayo siyo orijino. Niifunge? Na inafungwaje?
*Dereva, Mwanjelwa, Mbeya*

JIBU: Pole na usumbufu, kaka. Dalili ulizotaja ni za pampu inayochoka: ikipata joto, kaboni zake, vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye mota, hazigusi vizuri na mota inapoteza kasi, ikipoa, inafufuka. Lakini usitoe pesa kwa dalili peke yake. Mwambie fundi afunge geji ya shinikizo kwenye bomba la petroli linaloingia injini. Kwa 1NZ isome kati ya 304 na 343 kPa, yaani psi 44 mpaka 50. Apime gari likiwa la moto na linasumbua, maana asubuhi karibu kila pampu inapima vizuri. Mkizima injini, dakika tano baadaye geji isiwe chini ya 147 kPa. Ikianguka haraka, tazameni kwanza oringi (mpira wa duara wa kuzibia) ya regyuleta, yaani kidhibiti cha shinikizo, na nozeli zinazopuliza petroli, kwa sababu mota yenyewe huenda ni nzima.

Pimeni pia umeme kwenye plagi ya pampu huku injini inaunguruma. Ukiwa pungufu ya umeme wa betri kwa zaidi ya volti 1, kuna relei iliyoungua miguu au waya wa bodi wenye kutu. Pampu mpya ikifungwa kwenye umeme dhaifu nayo itakufa mapema, na lawama ataibeba muuza duka.

Pampu isiyo orijino inaweza kufanya kazi vizuri, ila isichaguliwe kwa ukubwa wa namba kwenye boksi. Injini yako, hata ikikanyagwa mpaka mwisho, inakunywa lita 30 na kidogo kwa saa. Pampu ya lita 80 mpaka 100 kwa saa inakutosha kabisa. Zile za lita 255, zinazotengenezwa kwa ajili ya injini zilizoongezwa nguvu, zinavuta umeme mwingi kuliko waya na relei yako zilivyokusudiwa kubeba. Nenda dukani na pampu ya zamani mkononi. Linganisha unene, urefu, mdomo wa kutolea petroli, na mguu wa kuvalia chujio. Ikiwa fupi kwa sentimita moja, chujio halitafika chini ya tanki, na gari litakuwa linazima likiwa na petroli ya kutosha.

Sasa kufunga. Kazi hii ifanyike nje, mahali penye upepo, mbali na jiko na mashine ya kuchomelea, na isifanyike juu ya shimo la gereji: mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutiririka na kujaa shimoni. Wala msidanganywe na baridi ya kwetu. Mvuke wa petroli unashika moto hata kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri, kwa hiyo asubuhi ya Julai haimlindi mtu. Mtungi wa poda wa kuzimia moto ukae karibu, siyo dukani kwa jirani. Tanki liwe na robo au chini yake.

Chomoa fyuzi au relei ya pampu, washa gari, liache mpaka lizime lenyewe, kisha piga stata sekunde mbili tatu. Hapo shinikizo limetoka kwenye mabomba. Toa waya wa hasi wa betri. Inua kiti cha nyuma, fungua kifuniko cha bati, na hapo msikimbilie kufungua pampu. Juu ya tanki la gari linalotembea barabara zetu za vumbi kuna tabaka la udongo unaoweza kuota mahindi. Upulizwe kwa kompresa, usuguliwe kwa brashi, upanguswe mpaka bati lionekane. Mchanga ukiangukia tankini, chujio jipya limeanza kuziba kabla gari halijatoka gereji.

Kiungio cha plastiki cha bomba nacho kisafishwe kabla ya kubonyezwa, kizungushwe kidogo kushoto na kulia, kisha kivutwe kwa mkono bila bisibisi. Weka alama kuonyesha pampu inatazama wapi. Legeza boliti kidogokidogo kwa kupishanisha. Kwenye gari lenye pete ya kukaza, pete hiyo igongwe kwa kipande cha mti au shaba, kwani chuma kwa chuma hutoa cheche. Inua kwa kuinamisha ili mkono wa geji ya mafuta usipinde. Ukipinda, geji itakudanganya siku zote. Mulika ndani kwa tochi ya LED iliyofungwa vizuri, kamwe usitumie balbu ya waya. Ukiona matone yanayotembea chini kama shanga, ni maji. Usiku wa baridi kwenye tanki lililo nusu tupu huyaleta. Yapanguse kwa kitambaa kisichotoa nyuzi.

Penye makosa mengi kuliko pote ni ule mpira mfupi unaounganisha pampu na bomba la juu. Mpira wa petroli wa kawaida umetengenezwa kubeba petroli ndani yake. Nje haukuandaliwa kuoga. Ukizamishwa, ganda la nje linavimba, linalainika kama ulimi, na baada ya muda linapasuka. Petroli inarudi tankini badala ya kwenda injini, na wewe unaambiwa pampu imekufa tena. Tafuta mpira ulioandikwa SAE 30R10, ambao umekusudiwa kuzama. 30R9 ni mzuri, lakini kwa nje ya tanki. Mpira ubanwe kwa klempu nyembamba zenye ukanda laini na boliti, siyo zile zenye matundu zinazokata mpira. Kama pampu yako imeunganishwa kwa plastiki na oringi bila mpira, badilisha oringi hizo zote.

Waya: alama za + na - zipo juu ya pampu. Zikigeuzwa pampu itazunguka kinyume, itasikika ikilia, na shinikizo halitapatikana. Waya zibanwe kwa vibanio na kufunikwa kwa mirija inayonywea kwa moto, kazi ya moto ikifanyikia mbali na tanki. Utepe wa umeme usiingie ndani. Gundi yake inayeyuka kwenye petroli na kuishia kwenye chujio.

Oringi kubwa ya kifuniko iwe mpya. Ilowanishe kwa petroli kidogo, ikalishe kwenye mfereji wake, kaza boliti kwa kupishanisha. Nyingi za Toyota za sehemu hiyo hutaka Nm 4 mpaka 6 tu, nguvu ya vidole na spana fupi. Ukikaza kama unakaza tairi, kifuniko kinapinda katikati ya boliti na hapo ndipo patavuja.

Washa gari kabla ya kurudisha kiti na uliache dakika kumi huku ukipapasa kila kiungio kwa karatasi nyeupe kavu. Halafu jaza tanki mpaka juu na uegeshe kwenye mteremko, pua ikitazama juu, kisha chini. Tanki likiwa nusu, oringi hailoani hata kidogo, kwa hiyo jaribio hilo halithibitishi lolote.

Na ile tabia ya teksi kuweka mafuta ya elfu tano tano, tunaijua hali ya biashara, lakini petroli ndiyo inayoipoza pampu. Kila taa ya njano inapowaka ukapandisha mlima nayo, unaichoma. Jitahidi robo tanki ibaki.

SWALI: Shikamooni. Nilibadilishiwa pampu miezi miwili iliyopita. Nikiweka full tank, ndani ya gari kunanuka petroli mpaka watoto wanatapika, hasa ninapotoka Kyela kupanda kuja Mbeya. Ikifika nusu, harufu inaisha. Fundi ameshapaka silikoni mara mbili.
*Mama wa watoto watatu, Tukuyu*

JIBU: Marahaba, mama. Wewe mwenyewe umeshataja penye tatizo: ikijaa inanuka, ikipungua inaacha. Hiyo inaonyesha sehemu ya juu ya tanki, na kwa kuwa ilianza baada ya pampu, wa kwanza kushukiwa ni oringi ya pampu. Wa pili ni mpira wa shingo ya kujazia. Uvujaji wa bomba la kwenda injini haujali tanki limejaa kiasi gani. Huo huonekana zaidi injini ikiwa inafanya kazi.

Mlima unazidisha kwa sababu ya hewa. Kyela iko mita kama 500 juu ya usawa wa bahari, na Isyonje unapita zaidi ya mita 2,000. Mgandamizo wa hewa ya nje unapungua karibu sehemu moja ya tano, na petroli uliyoijaza kwenye joto la Kyela inasukuma mvuke utafute njia. Njia halali ni kanista ya makaa, kopo linalonasa mvuke wa petroli. Oringi ikiwa mbovu, mvuke unapita hapo, chini ya kiti wanachokalia watoto. Kama kifuniko cha bati hakijazibwa vizuri, wote unaingia ndani.

Silikoni haidumu kwenye petroli. Baada ya siku chache inakuwa kama ute wa bamia, inabanduka, na vipande vinavyoangukia ndani vinakwenda kuziba chujio. Kupaka mara ya tatu ni kupoteza muda. Mwambie fundi aitoe pampu, akwangue silikoni yote kwa kipande cha plastiki, akague kama mdomo wa tanki umepinda, na aweke oringi mpya ya mpira unaostahimili petroli, NBR au Viton.

Yawezekana alirudisha ya zamani. Utamtambua fundi aliyeirudisha kwa malalamiko haya: "imekataa kuingia." Oringi iliyokaa miaka kwenye petroli, ikitolewa tu, hutanuka na kuwa kama bangili iliyozidi mkono, ukiisukuma upande huu kwenye mfereji, inaruka upande wa pili. Akiilazimisha, inakunjika mahali pamoja, na kunjo hilo ndilo tundu lako.

Mpaka itengenezwe, usijaze zaidi ya nusu, safiri na vioo wazi, na asiwepo mtu wa kuwasha kiberiti humo ndani.

SWALI: Mimi ni fundi. Pick-up imegongwa na jiwe kwenye njia za magogo, tanki la chuma limetoboka tundu la msumari. Nikiliosha kwa maji na sabuni, naweza kuchomelea?
*Fundi, Mafinga*

JIBU: Hapana, ndugu yetu. Tanki lililotoka petroli ni la hatari kuliko lililojaa, kwa sababu sasa lina mvuke na hewa pamoja. Maji na sabuni hayatoi petroli iliyoingia kwenye mikunjo ya bati na chini ya kutu. Ukilipasha moto, inatoka na kulipuka. Wenye kuchomelea matanki huyafukiza kwa mvuke wa maji ya moto kwa muda mrefu na kupima gesi kabla ya kugusa. Kama huna vifaa hivyo, usiguse, hata mwenye gari akikubembeleza.

Kwa tundu dogo tumia gundi ya epoksi ya sehemu mbili inayoandikwa wazi kuwa ni ya matanki ya petroli. Shusha mafuta yote, piga msasa kwa mkono mpaka chuma king'ae sentimita tatu kuzunguka tundu, futa kwa asetoni, kanda, bandika, na ongeza kiraka cha bati juu yake. Iache ikauke kwa muda ulioandikwa na zaidi, maana muda huo ni wa nyuzi 20 au 25, na gereji ya Mafinga mwezi wa sita haifiki huko. Asubuhi yake jaza na uangalie.

Ukikwama njiani, sugua kipande kikavu cha sabuni ya mche kwenye tundu mpaka kijae. Petroli haiyeyushi sabuni. Maji huiyeyusha, kwa hiyo mvua ya Mufindi itaiosha. Ni ya kukufikisha nyumbani tu. Tanki la plastiki halishiki epoksi hata ukilikwangua vipi. Libadilishe.

SWALI: Noah yangu ni D4. Nimebadilisha pampu ya tanki lakini bado haina nguvu, na oili inanuka petroli. Tatizo nini?
*Msomaji, Makambako*

JIBU: D4 ni injini inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, nayo ina pampu mbili. Ya tanki hupeleka petroli kwa pampu ya pili iliyo kwenye injini, na hiyo hupandisha shinikizo mpaka bar 80 na zaidi. Oili kunuka petroli, hasa kama kipimo kinapanda chenyewe, huashiria sili ya pampu hiyo ya juu inayopitisha petroli kwenye injini. Acha kuliendesha, kwani oili iliyochanganyika na petroli inakula beringi. Wala asiwepo fundi wa kulegeza nati ya bomba lile injini ikiwa inafanya kazi. Petroli ya shinikizo hilo inapenya ngozi. Pampu ya juu ikishatengenezwa, mwaga oili yote na chujio lake, hata kama uliibadilisha juzi.