Boti ya Jumapili: Kivu au Tanganyika?

SWALI: Nimenunua boti ya alumini ya mita nne na nusu pamoja na injini ya nguvu za farasi 15, na gari langu linaweza kuivuta kwa trela. Sitaki biashara, nataka kutembea ziwani na mke wangu na watoto wawili. Je, nianzie Kivu au niipeleke Uvira, ambako ufuko ni tambarare? Na nitaishushia wapi bila kugombana na watu? Jirani ananitisha pia kuhusu gesi. (Msomaji wa Ibanda, Bukavu)

JIBU: Ndugu msomaji, anzia Kivu. Naelewa kwa nini mwenye trela anavutiwa na ufuko wa Uvira, lakini Tanganyika ina urefu wa kilomita zipatazo 670 na Uvira iko karibu na ncha yake ya kaskazini, kwa hiyo upepo wa kusini wa kiangazi huyasukuma mawimbi mwendo mrefu bila kizuizi, hadi yanapokukuta wewe ukihangaika kurudisha boti kwenye trela. Huko kwenye mdomo wa Ruzizi, mto unaotoka Kivu na kuingia Tanganyika, kuna viboko na mamba, na mwaka 2024 maji yalipanda hata yakafunika sehemu za ufuko. Kivu haina mamba, na rasi za Bukavu zinakinga ghuba ambamo mtu mgeni wa usukani anaweza kujifunza taratibu. Kaa mbali na mahali Ruzizi inapoanzia, inapotoka Kivu: mkondo unavuta, mpaka wa Rwanda uko hapo hapo, na plastiki zinazokusanyika huko huziba tundu la maji ya kupozea injini.

Kushusha boti ndilo jambo la kufikiria zaidi, kwa sababu kingo zetu ni za mwinuko mkali na mahali penye mteremko imara pa kufikika kwa gari ni pachache. Mwalo wa umma, kama ule wa Muhanzi, ni mahali pa riziki: wapo wapakuzi, akina mama wa samaki na abiria wenye mizigo, nao wana haki ya kutangulia. Nenda kwanza kwa miguu, bila boti, ukamuulize msimamizi wa bandari saa ambazo pana nafasi, ada inayotakiwa, hati za chombo, na kama matembezi yanaruhusiwa siku hiyo. Ikiwa hoteli au jirani mwenye kiwanja kando ya ziwa ana mteremko wa saruji, kumlipa yeye kunaweza kukupunguzia usumbufu mwingi. Popote utakapokuwa, pakia vitu, funga kizibo cha sakafuni na ujaze mafuta ukiwa bado pembeni, ili ukifika majini usimzuie mtu; kisha weka jiwe nyuma ya magurudumu ya gari kabla ya kuilegeza kamba.

Injini yako haitakuwa na nguvu zote ulizolipia. Kivu iko mita zipatazo 1,460 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na injini isiyo na kifaa cha kusukuma hewa hupoteza takribani asilimia 3 kwa kila mita 300. Hesabu farasi 13 badala ya 15. Mwombe fundi akufungie propela inayosukuma umbali mfupi zaidi kwa kila mzunguko.

Kuhusu gesi, jirani yako asikutishe. Kabonidayoksaidi na methani nyingi zimo katika maji mazito ya kina kirefu, chini ya mita 250 hivi, na boti ndogo haiwezi kuyachokoza. Hatari iliyo karibu na mtu ni mazuku, yaani kabonidayoksaidi inayotoka ardhini na kutuama mabondeni upande wa Goma na Sake. Huko usiwalaze watoto wala kuwaacha wacheze kwenye mashimo ya ufukweni.

Rudini kabla ya giza, kwa maana usiku wavuvi wa sambaza, samaki wadogo wa Kivu, hutandaza nyavu kati ya mitumbwi iliyofungwa pamoja. Watu wote wanne wavae majaketi ya kujiokoa tangu nchi kavu, ya watoto yakiwa ya kipimo chao. Chombo kilichozama karibu na bandari ya Kituku, Goma, tarehe 3 Oktoba 2024 kilikuwa kimejaa kupita kiasi na kilikuwa kikikaribia kutia nanga. Kwa hiyo binamu akiomba nafasi ya tano, mwambie asubiri safari ya pili.