Maswali ya Wasomaji: Taji Lisidondoke, Mkia Usikanyagwe

Barua za mwezi huu karibu zote zimetoka kwa wazazi na walimu wa Dar es Salaam wanaoandaa onyesho la baleti la watoto kwa likizo ya Desemba. Wengi wanacheza vipande vya The Nutcracker, baleti ya Tchaikovsky iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza St. Petersburg, Urusi, mwaka 1892. Humo mna vita vya panya na askari wa kuchezea, mna ngoma ya theluji, na baadhi ya walimu huongeza malaika wadogo. Tumechagua barua tano.

Habari za kazi. Tuna watoto 14 wa theluji, wa miaka 7 hadi 9. Mwaka jana tulibandika shanga kwenye hedibendi za plastiki kwa gundi ya moto. Nusu zilidondoka ngoma haijaisha, shanga zikatawanyika jukwaani. Tena nywele zao ni tofauti: kuna wenye rasta, kuna waliosuka twende kilioni, na wengine wamenyolewa kwa ajili ya shule. Tufanyeje?
*Mama wa mcheza theluji, Tabata*

Nzuri, mama. Pameharibika mahali pawili, na pa kwanza ni gundi. Gundi ya moto haishiki sawasawa kwenye plastiki inayoteleza wala kwenye shanga za kioo, na joto huilegeza. Mataji yakikaa nusu saa ndani ya gari lililofungwa juani, shanga zinabaki zimejishikiza tu, na mruko wa kwanza unazimwaga. Shanga ya taji hutungwa kwenye waya au hushonwa. Gundi ibaki na kazi moja, kuzuia ncha ya utepe isifumuke.

Kwa kila taji kata sm 34 za waya wa unene wa mm 1. Kunja sm 2 za kila ncha zirudi ndani, ziwe kitanzi kilichofungwa kabisa kwa koleo. Unabaki na upinde wa sm 30, nao uufuate mviringo wa kichwa, ncha ziishie juu ya masikio bila kuyagusa. Sasa chukua m 1 ya waya mwembamba wa mm 0.4. Anzia katikati. Ukianzia pembeni, upande wa pili hautalingana na wa kwanza na taji litainama. Tunga shanga ya mm 8 mpaka nusu ya waya, ukunje, usonge nyuzi mbili pamoja upate kijiti cha sm 5. Zungushia kila nusu ya waya mara nne kwenye upinde, sogea sm 3, fanya kijiti cha sm 4, sogea tena, kisha cha sm 3. Vijiti vitano vinatosha kabisa. Usisonge kwa nguvu sana, maana waya mwembamba ukisongwa kupita kiasi hukatika pale shingoni mwa shanga, na mara nyingi hukatika siku ya onyesho, si siku uliyoutengeneza.

Malizia kwa kuviringisha utepe wa satini wa mm 6 juu ya upinde wote. M 1 inatosha na inafunika kila ncha ya waya. Satini hiyo huteleza kwenye nywele, kwa hiyo shonea chini yake kipande cha mahameli cha sm 12 kwa sm 1, manyoya yakiangalia kichwani. Pima taji kwenye mzani wa jikoni. Likizidi gramu 40, toa shanga.

Pa pili ni namna ya kulifunga, na hapa nywele ndizo zinazoamua.

Mwenye rasta zilizokusanywa na kufungwa fundo: shona vitanzi vinne vya uzi, kila kimoja sm 1, chini ya upinde. Viwili vikae karibu na katikati, viwili kwenye ncha. Kwenye kila kitanzi pitisha chupio mbili zinazokatana kama alama ya kuzidisha. Chupio moja peke yake hutoka jinsi ilivyoingia. Asubuhi ya onyesho mtoto asipakwe mafuta ya nywele mahali taji litakapokaa.

Mwenye twende kilioni ana bahati, kwa sababu taji linashonwa kichwani kama msusi anavyoshona wivingi. Tumia sindano butu na uzi mweusi. Pitisha uzi chini ya msuko, usiuchome, mishono mitatu kila upande na miwili katikati. Haliendi popote. Mkimaliza onyesho mnakata uzi kwa mkasi mdogo wa ncha butu, na afanye mtu mzima kwenye mwanga, si gizani nyuma ya pazia.

Aliyenyolewa avae lastiki nyeusi bapa ya mm 8, ipite nyuma ya masikio hadi kisogoni, chini ya kile kifundo cha fuvu. Ikikaa juu ya kifundo itapanda na kuchomoka. Pima mzunguko pale pale taji litakapokaa. Kama ni sm 52, toa sm 30 za taji, toa sm 4 za kuvutika, ongeza sm 2 za mishono: unakata sm 20. Juu ya nywele fupi nyeusi lastiki hiyo haionekani kutoka viti vya mbele, na wala hamna haja ya kumlazimisha mtoto wigi.

Kwa watoto 14 nunueni waya mnene m 5, waya mwembamba m 15, na shanga kubwa 80, maana kumi hupotea. Utepe unahitajika m 14, lakini angalieni: maduka mengi ya Kariakoo hupima kwa yadi, na yadi ni sm 91 tu. Ukisema yadi 14 utarudi nyumbani na m 12.8 na watoto wawili watakosa. Chukueni yadi 16, zote kutoka rola moja, kwa sababu nyeupe ya rola nyingine inaweza kuonekana ya maziwa chini ya taa. Na muende mapema. Wiki ya mwisho kabla ya Krismasi mtaa wa Kongo haupitiki, na mwenye duka hana muda wa kukufungulia rola tatu ulinganishe.

Panya wetu kumi wanakanyagana mikia. Pia pini za mikia zimetoboa mavazi ya kubana ya watoto wawili. Na masikio yanawaangukia usoni wakiinama.
*Mwalimu, Mbezi Beach*

Mwalimu, mkia wa panya wa jukwaani hauburuzwi. Pima kutoka kiunoni hadi nyuma ya goti, ukomee hapo. Kata kitambaa cha kijivu cha kuvutika, sm 9 juu na sm 5 nchani, kunja, shona, geuza, jaza sufi kidogo. Sufi ya mto ni nyepesi kuliko pamba na mkia unayumba vizuri mtoto akizunguka. Ukishindilia, mkia unasimama kama fimbo na unampiga aliye nyuma. Waya ndani yake usiweke kabisa. Ukitaka ujikunje, pitisha lastiki nyembamba ndani na uivute kabla ya kufunga ncha.

Usiupachike mkia kwenye vazi. Ushone kwenye mkanda wa lastiki wa sm 2.5, wenye vishikizo viwili vya kubana mbele, uvaliwe juu ya kila kitu. Kwanza unaokoa vazi. Pili, panya mwingine akikanyaga kwa bahati mbaya, vishikizo vinaachia kabla mtoto hajavutwa chini.

Masikio: kila sikio vipande viwili vya mviringo wa sm 8, na kishikio cha sm 2 chini. Bana kishikio katikati kabla ya kushona ili sikio liwe na kibonde, vinginevyo litaonekana kama kijiko. Yaachane sm 9 juu ya hedibendi. Yanayoanguka mbele yanaanguka kwa sababu hedibendi haina kitu kisogoni, kwa hiyo ongeza lastiki ileile ya watoto wa theluji. Kama mmefikiria vinyago vya uso, tunawasihi mviache. Mtoto aliyefunikwa uso haoni wenzake pembeni, na kwenye vita vya panya kila mtu anakimbia. Kinyago kikae juu ya paji la uso kama kofia, macho ya mtoto yabaki wazi.

Kofia za askari tumezitengeneza kwa manila. Wiki mbili tu zimejikunja, na watoto wanalia zinawabana ingawa vichwa tulipima.
*Baba wa askari, Kigamboni*

Baba, manila hunywa unyevu wa hewa, na Desemba ya pwani ina unyevu mwingi. Mkipaka rangi ya maji upande mmoja tu mnazidisha tatizo, kwa sababu upande uliolowa unatanuka, ukikauka unajivuta, na kofia inajikunja. Gandisha manila mbili kwa gundi nyeupe, ziache zikauke chini ya vitabu vizito usiku mzima. Kisha changanya gundi vijiko vitatu na maji kijiko kimoja, upake ndani na nje. Ikikauka ndipo upake rangi, napo pande zote mbili.

Kubana kunatokana na sponji. Bila shaka mmeweka sponji ndani ili kofia isiwakwaruze, na mmesahau kwamba nayo inakula nafasi. Sponji ya mm 5 hupunguza mzunguko wa ndani kwa sm 3 hivi. Kichwa cha sm 52 kinataka manila ya sm 57: 52 za kichwa, 3 za sponji, 2 za kupandanisha. Urefu wa kofia usizidi sm 15. Ikizidi hapo inaanza kuyumba mtoto akigeuka, naye hukaza shingo kuizuia, na shingo iliyokazwa mwalimu wa baleti ataiona kabla ya kuiona kofia. Lastiki ya kidevu iwe bapa, ya mm 5, ishonewe mbele kidogo ya masikio, na iache nafasi ya kupitisha kidole kimoja.

Shikamooni. Ni fundi ninayejifunza. Nimepewa kazi ya jozi nane za mabawa ya malaika wa miaka 5 na 6. Nimetumia waya wa hanga na neti ya shela, lakini mabawa yanawavuta nyuma na yanaporomoka mabegani.
*Fundi, Sinza*

Marahaba. Waya wa hanga ni mzito kwa mgongo wa mtoto wa miaka 5. Tumia wa mm 1.6, m 1.6 kwa jozi moja, uukunje kama namba 8 iliyolala. Kwa njia hiyo ncha mbili tu ndizo zinabaki, na zote zinakutana katikati. Zipandanishe sm 8, zifunge kwa waya mwembamba, zikunje ziangalie nje ya mgongo, kisha uzungushie utepe mpaka usihisi ncha kwa kidole. Upana wa jozi usizidi sm 45, na juu yasipite mabega kwa zaidi ya sm 10, kwa sababu malaika watainua mikono juu ya kichwa na viwiko vitagonga.

Badala ya neti, vuta soksi ndefu ya nailoni nyeupe juu ya kila bawa na uifunge katikati. Inakazana yenyewe bila mshono hata mmoja. Neti iwe ya kupamba pembeni tu.

Yanayoporomoka yanatokana na mahali uliposhonea mikanda. Tengeneza kipande cha kitambaa cha sm 8 kwa 12 chenye sponji ndani, kikae kati ya mabega. Juu, lastiki mbili za sm 1.5 ziachane sm 3 tu; chini ziachane sm 8. Zikiachana juu lazima ziteleze. Pima mzunguko kutoka begani kupita kwapani: ukiwa sm 30, kata sm 29, na sm 2 ziende kwenye mshono. Mvalishe mtoto mmoja, aruke mara kumi, ndipo ukate za wengine saba.

Glita ipi haidondoki?
*Dada wa mcheza theluji, Ilala*

Dada, ya unga zote hudondoka, hata ukipulizia dawa ya nywele. Ikifika sakafuni viatu laini vya baleti vinateleza, na ikichanganyika na jasho inaingia machoni. Shona puleki, mishono miwili kila moja na fundo kila baada ya puleki tano, ili uzi ukikatika zisimwagike zote. Kama kuna nguo ambayo tayari ina glita ya unga, ikung'uteni nje, kisha pangusa sakafu kwa kitambaa kilicholowekwa na kukamuliwa sana, uiache ikauke kabisa kabla mtoto yeyote hajakanyaga.