Simu inayojua siku ya sindano

Wahariri, swali lenu la wiki liliuliza kama programu ya simu inamsaidia kweli mtu anayetumia dawa ya kupunguza uzito kufuata dozi na kuona maendeleo yake. Wengi watajibu kwa kuhesabu kilo. Mimi naomba kujibu swali lililo jirani nalo, yaani ni nani mwingine anayezisoma kumbukumbu hizo, kwa sababu huku kwetu Kisumu simu ya mama ndiyo tochi ya nyumba, redio ya jikoni na benki ya chama, nayo hupita mikononi mwa watu kadhaa kabla ya jua kutua.

Wifi yangu ana kisukari cha aina ya pili, na daktari wake alimwandikia semaglutide, ile sindano ya mara moja kwa wiki ambayo watu wanaijua zaidi kwa jina la Ozempic, na zaidi kwa habari za unene kuliko za sukari. Dozi huanza kwa miligramu 0.25 kwa wiki nne ili mwili uzoee, kisha hupanda hadi 0.5, na huweza kuzidi hapo daktari akiona inafaa. Programu aliyopakua ilimwekea yote hayo: siku ya sindano, kiasi, kama alijidunga tumboni au pajani, uzito wa wiki na kichefuchefu.

Tulipofiwa na baba mdogo huko Siaya, kamati ya mazishi ilichagua laini ya wifi ipokee michango ya M-Pesa. Kijana wa shemeji yangu alipewa simu asome majina kwa sauti, na mzee mmoja aliyeketi kando yake chini ya hema akawa anayaandika katika daftari. Fulani, elfu moja. Fulani na familia yake, mia tano. Kazi ilikuwa imeshika mwendo mzuri, na waombolezaji waliitikia kila kiasi kikubwa kwa mguno wa shukrani, mpaka kijana, bila kubadilisha sauti, akasoma: "Shangazi, simu inasema hujadunga sindano yako, na inauliza leo una kilo ngapi." Mzee, aliyekuwa amezoea mpangilio wa jina na kiasi, alikwisha kuandika neno "sindano" ndipo akainua uso.

Hakuna aliyecheka. Walioishi huku miaka ya 1990 na ile iliyofuata wanajua ni nini huwazwa mtu anapokonda na kutumia dawa asizozitaja, maana Siaya, Kisumu na Homa Bay zimekuwa miongoni mwa sehemu zilizoumizwa zaidi na Ukimwi nchini, na ingawa dawa zimewarudishia watu wengi maisha, ndimi za watu hazijapona. Jikoni, mama mmoja aliyekuwa akigeuza ugali kwenye sufuria kubwa alinivuta kando akaniambia kuwa tangu asubuhi alishaona wifi akiacha nyama kwenye sahani, na kwamba sasa ameelewa. Ningeweza kumweleza kuwa dawa hiyo hupunguza hamu ya kula na huchelewesha chakula kutoka tumboni, ndiyo maana mtu hushiba kwa tonge chache, lakini katika matanga sahani isiyomalizwa ni kosa lisilo na utetezi. Wifi mwenyewe alijibu vizuri kuliko ambavyo ningejibu mimi. Alisema akiwa amesimama: "Ni ya sukari. Na ningekuwa na ule ugonjwa mnaoufikiria, dawa yake pia ningeimeza. Endelea kusoma majina."

Nilipoanza kuandika nilikuwa nimeazimia kujibu hapana. Hata hivyo, haki inanilazimu kuongeza kwamba simu ilikuwa imesema kweli: katika pilikapilika za msiba alikuwa amesahau dozi, na kwa dawa hiyo dozi iliyosahauliwa hudungwa kabla ya siku tano kupita, la sivyo huachwa mpaka siku yake inayofuata. Baadaye, alipoanza kutapika na daktari akataka kujua tatizo lilianza lini, hakujibu "tangu majuzi" kama tunavyojibu wengi wetu; alifungua simu, ikaonekana wazi kwamba kutapika kulianza dozi ilipopandishwa na kulizidi siku inayofuata sindano. Daktari alimrudisha kwenye dozi ya chini kwa muda. Programu hiyo humhesabia hata umri wa kalamu ya sindano (kifaa chenye dawa anachojidungia), ambayo ikishaanza kutumika haifai kuzidi muda ulioandikwa kwenye maelezo yake wala kukaa kwenye joto linalozidi nyuzi 30, jambo ambalo si dogo kwa mtu wa Kisumu ambaye umeme wake hukatika.

Basi jibu langu limekuwa ndiyo, ingawa si ndiyo ya kila mtu. Mstari wa uzito kwenye programu ukiacha kushuka, wapo watakaojipandishia dozi bila daktari, na programu haitawazuia. Mstari huo pia hausemi yatakayokuja: utafiti uliowafuatilia watu walioacha semaglutide ulionyesha kuwa ndani ya mwaka mmoja walirudisha takriban theluthi mbili ya uzito waliokuwa wamepoteza. Sheria yetu ya ulinzi wa data ya mwaka 2019 inazihesabu habari za afya kuwa nyeti, lakini haiwezi kumziba mdomo kijana aliyetumwa kusoma majina. Anayeazimisha simu yake kila siku na azizime arifa zote, au atumie daftari analolifungia sandukuni, hata kama daftari halitamkumbusha kitu. Nanyi wahariri, mkipata nafasi, waulizeni watengenezaji kwa nini arifa itaje sindano na kilo hata kioo kikiwa kimefungwa, wakati ingetosha ilie tu kama kengele ya kuamkia.