Kabla Hujailaumu Prosesa, Pima RAM

Juzi kijana mmoja wa Tabata aliniandikia: "Kaka, habari za kazi. Nimepandisha kasi ya prosesa yangu, Ryzen 5 3600, mpaka gigahezi 4.2. Gemu nacheza freshi, ila nikianza kurenda video, yaani kuitoa kuwa faili kamili, inaganda, mara inajiwasha upya. Fundi kasema nitafute kula (cooler, kipoza prosesa) kubwa. Ninunue ipi?"

Nilimwambia asinunue kitu, anitumie kwanza picha ya ndani ya kasha. Ilipofika nikaona RAM, zile kumbukumbu za muda za kompyuta, mbili za 8GB: moja nyeusi yenye bati la kupoozea, nyingine ya kijani, tupu, chipu zinaonekana. Ya pili iliongezwa baadaye, na shida ilikuwa hapo hapo.

Wengi wetu Dar tunajenga hivyo. Unaanza na RAM moja, hela ikipatikana unashuka Kariakoo unaongeza ya pili. Kwa kazi za ofisi hutaona tofauti. Ila anayepandisha kasi ya prosesa ajue kwamba kinachoiongoza RAM kimo ndani ya prosesa yenyewe, na RAM ikiyumba dalili zake ni zile zile za prosesa iliyozidiwa: skrini ya bluu, kuganda, kujiwasha upya. Mtu anabadilisha kula, anabadilisha pawa saplai, anachokozwa na kitu ambacho hajakigusa.

Hili linaniuma, nalisema wazi. Kuna mteja nilimjengea mashine ya kuhariri video za harusi, nikaipima, nikamkabidhi ikiwa imetulia. Baadaye akachomeka RAM aliyopewa na rafiki yake, mashine ikaanza kuzingua, akatangaza kwenye grupu la WhatsApp kwamba nimemuunguzia prosesa. Nilipoifungua nikaichomoa ile RAM ya kuongeza, na mashine inafanya kazi hadi leo. Lile tangazo halikufutwa, na samahani sijaisikia.

Kwa hiyo nunua pea, RAM mbili zilizofungwa pamoja kiwandani. Usinunue mojamoja hata kama jina ni lile lile, maana kampuni moja inaweza kubadilisha chipu za ndani bila kubadilisha stika ya nje. Mbili ni bora kuliko nne, kwa sababu nne zinaubebesha mzigo ule upande wa prosesa unaoziongoza. Kama madabodi yako ina sloti nne, kwa kawaida zichomeke ya pili na ya nne kuanzia kwenye prosesa.

Namba kubwa kwenye boksi isikubabaishe. Chukua CL, yaani idadi ya mizunguko ambayo RAM inasubiri kabla ya kujibu, zidisha kwa 2000, gawanya kwa kasi ya RAM, unapata muda wa kusubiri. RAM aina ya DDR4 ya kasi ya 3600 yenye CL18 inakupa nanosekunde 10. Ya 3200 yenye CL16, nanosekunde 10 vilevile. Ya 3200 yenye CL14 ni 8.75, inawahi kujibu kuliko ile ya 3600. Kwa Ryzen za soketi ya AM4 mimi husimama kwenye 3600, kwa sababu hapo RAM na Infinity Fabric, ile njia ya data ndani ya prosesa, vinakwenda sambamba kwa megahezi 1800 (namba ya kwenye boksi ni mara mbili ya mwendo halisi wa RAM). Ukilazimisha 4000, prosesa nyingi zinashindwa kufuata, ule usambamba unavunjika, na kasi uliyolipia inakuwa ya kwenye karatasi.

Kwenye kupima, rudisha prosesa kwenye kasi yake ya kiwandani. Washa XMP, ule mpangilio wa kasi uliohifadhiwa kwenye RAM, na ujue kwamba XMP yenyewe ni kupandisha kasi: AMD wanaitambua Ryzen 5 3600 mpaka RAM ya 3200 tu. Weka Memtest86, programu ya kupima RAM, kwenye flashi, iache ipite mizunguko yake minne. Ukiona kosa moja tu, mstari mmoja mwekundu, hiyo RAM haijatulia. Usiseme "moja si mbaya". Kosa moja linaweza kuingia kwenye faili la harusi ya watu, na harusi hairudiwi. Ongeza volti kidogo, kutoka 1.35 mpaka 1.4, au legeza taimingi (zile namba za muda wa kusubiri wa RAM, kama CL), kisha pima tena. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Prosesa utaigusa RAM ikishapita.

Sasa joto, ambalo mafunzo ya wenzetu wa nchi za baridi hayaligusii sana. Memtest86 ikiwa inapima, kadi ya picha imepumzika, kasha limepoa. Ukirenda, hewa ya moto ya kadi inapanda moja kwa moja kwenye RAM. Chipu za RAM za Samsung ziitwazo B-die, ambazo watu wanazitafuta kwa udi na uvumba, zikibanwa taimingi zinaanza kukosea zikikaribia nyuzijoto 50, hasa ukiwa umeibana tRFC, taimingi ya muda ambao RAM inajihuisha. Mashine uliyoipima usiku wa kipupwe, mwezi wa saba, itakuangusha mchana wa kaskazi, mwezi wa pili, chumba hakina kiyoyozi. Ipime saa nane mchana, madirisha yamefungwa, Prime95, programu ya kuitesa prosesa na RAM, kwenye mpangilio wake wa blend, ikienda sambamba na kazi ya kadi ya picha. Ikiyumba, legeza tRFC kwanza kabla ya kuongeza volti, kwa sababu volti inaongeza joto. Feni moja ndogo ikipuliza juu ya RAM inasaidia kuliko bati lenye taa za rangi.

Vijana, acheni haraka. Mnakimbilia gigahezi ili mpige picha ya skrini mkaiposti, huku msingi hamjaupima. Kasi isiyotulia haimlipi mteja wala haikulipi wewe.

Na ukishapata namba zinazokubali, ziandike zote kwenye daftari: volti, CL, tRFC, kila kitu. Ukisasisha BIOS, programu ya madabodi inayoshika mipangilio hii, huwa zinafutika, na profaili uliyohifadhi kwenye toleo la zamani mara nyingi haisomeki kwenye jipya.