Mofini, dripu na mgonjwa aliyeacha kula

SWALI: Shikamoo dada muuguzi. Mama yangu ana umri wa miaka 58 na anaumwa saratani ya mlango wa kizazi iliyofika hatua ya nne. Alipata mionzi Dar es Salaam, tukarudi naye Ujiji, na sasa tunamuuguza nyumbani. Kwa maumivu anatumia mofini ya maji, mililita 5 kila baada ya saa 4, na mimi ndiye ninayempimia. Tangu Ijumaa amekataa chakula. Hata mchuzi wa mgebuka anaufumbia mdomo. Analala muda mrefu, mkojo umepungua, na leo alfajiri mikono ilikuwa inamrukaruka. Kaka yangu anataka tumpeleke akatundikiwe dripu na kuwekewa mpira wa chakula. Mama mdogo anasema ni mofini inayommaliza, na kwamba nikiendelea kumpa nitakuwa nimemuua kwa mkono wangu. Je, niache? Na mwanangu wa miaka 8, ambaye hulala chumba kimoja na bibi yake, tumwambie nini?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu, na pole kwa kuuguza. Naomba nianze na jambo ambalo umelitaja kwa kupita tu, kwa kuwa ndilo linalohitaji hatua leo: mkojo kupungua pamoja na mikono kurukaruka. Saratani ya mlango wa kizazi ikitanuka ndani ya nyonga huibana mirija miwili inayoteremsha mkojo kutoka kwenye figo hadi kwenye kibofu, na figo zikizibiwa njia hushindwa kufanya kazi. Mofini nayo huvunjwa na ini, lakini mabaki yake hutolewa na figo. Figo zikidhoofika, mabaki hayo hulundikana mwilini, na mara nyingi dalili yake huwa ni hiyo uliyoiona alfajiri: misuli kushtukashtuka, usingizi kuwa mzito kuliko wa wiki iliyopita, na pengine mgonjwa kuzungumza na watu ambao hamuwaoni.

Kwa hiyo mama mdogo hakukosea kuona kwamba kuna kitu kimebadilika. Amekosea katika kuamua la kufanya. Dozi iliyomfaa dada yake mwezi uliopita inaweza kuwa kubwa kwake leo ingawa hujaongeza hata tone moja, na bado jibu si kuiacha. Ukiiacha ghafla, maumivu yatarudi siku hiyohiyo, tena kwa mtu ambaye hana nguvu ya kulia akasikika. Mpigie simu muuguzi au daktari aliyemwandikia, umweleze kuhusu mkojo, kurukaruka na dozi, huku umeishika chupa mkononi ili umsomee lebo, kwa maana mofini ya maji hutengenezwa kwa nguvu tofauti na mililita 5 za chupa moja si sawa na mililita 5 za chupa nyingine. Kwa kawaida katika hali kama ya mama tunapunguza kiasi, au tunatanua nafasi kati ya dozi na dozi iwe saa 6 au hata 8. Umwombe pia aje ampapase chini ya kitovu, kwani wakati mwingine mkojo upo ila umeziba kwenye kibofu, na katheta, yaani mpira mwembamba wa kutolea mkojo, humpa mgonjwa nafuu ambayo dawa ya maumivu haiwezi kumpa.

Wakati unamsubiri, kabla ya kila dozi kaa kando yake, uangalie saa ya simu na uhesabu pumzi kwa dakika moja kamili, bila kukisia. Zikiwa chini ya 8, na ukimwita kwa jina na kumgusa bega haamki, usimpe dozi hiyo. Piga simu kwanza. Ikiwa anaamka, anakutazama na kurudi usingizini, mofini haijafikia kiasi cha kuzima pumzi yake, ila kwa ajili ya mkojo na kurukaruka simu bado unapaswa kuipiga leo.

Hofu ya mofini naielewa, na sidhani kwamba ni ujinga. Dawa hii huingia nyumbani wakati ugonjwa umekwisha kushinda dawa nyingine zote, na anayefika mwishoni ndiye anayesingiziwa mwisho. Lakini ikitolewa kwa mdomo, ikaanzia kiasi kidogo na kupandishwa kwa kufuata maumivu, mofini haifupishi maisha. Usingizi wa siku mbili tatu za mwanzo mara nyingi ni deni la usiku ambao mgonjwa alikesha kwa maumivu. Katika eneo letu la Afrika Mashariki ilichukua muda kukubalika. Dkt. Anne Merriman, aliyeanzisha Hospice Africa, shirika la kuwatuliza wagonjwa wasioweza kupona, mjini Kampala mwaka 1993, alikuwa miongoni mwa walioonyesha kwamba unga wa mofini ukichanganywa na maji hupatikana dawa ya bei ndogo ambayo mgonjwa anaweza kuitumia nyumbani kwake, mbali na wodi, akiwa amezungukwa na watu wake. Madhara ambayo mimi huyaogopa zaidi hayatajwi barazani: ni kufunga choo. Kila mgonjwa wa mofini anapaswa kuwa na dawa ya kulainisha choo, na kama mama hajapata haja kubwa kwa siku 3, liseme hilo pia kwenye simu, kwani choo kilichoganda humhangaisha mgonjwa kitandani na ndugu hudhani ni roho inayohangaika.

Ratiba ambayo huwa nawapa wauguzaji, pale ambapo figo bado ziko salama, ni saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni, na saa 4 usiku dozi mbili kwa mpigo ili mgonjwa na mwenye kumpa wote wapate kulala. Huku kwetu Kigoma saa 12 asubuhi bado ni giza, na nimewahi kumkuta kijana anapima dawa huku ameshika tochi ya simu kwa meno. Weka bomba la plastiki, lisilo na sindano, juu ya sahani nyeupe, uvute dawa ukiwa umelileta mstari wa vipimo usawa wa jicho. Mama akishindwa kumeza kabisa, usimimine kwa kijiko. Muulize muuguzi akuonyeshe namna ya kuidondosha kidogo kidogo ndani ya shavu akiwa ameinuliwa kichwa, au kuipitisha njia ya haja kubwa kwa bomba jingine la aina hiyo. Hiyo ya pili hutia haya, lakini inafanya kazi.

Sasa nije kwa kaka yako. Mtu anayeelekea ukingoni hupoteza njaa, kisha kiu, kwa sababu mwili umeacha kutumia chakula. Tumbo halisukumi tena, na uji unaolazimishwa ama hutapikwa ama huteremkia mapafuni. Mpira wa chakula katika hali hiyo hauongezi siku wala nguvu, ila huongeza kitu puani ambacho mgonjwa atajaribu kukichomoa. Dripu inahitaji maelezo marefu kidogo, kwani kuna wagonjwa inayowafaa, kwa mfano aliyeharisha na bado ana muda mbele yake. Kwa mtu ambaye figo zimegoma, maji unayoyaingiza hayana pa kutokea, basi huenda miguuni, tumboni na kwenye mapafu.

Hili sikulisoma tu. Katika miaka yangu ya mwanzo kazini, katika hospitali nisiyopenda kuitaja, watoto wa mzee mmoja walinisihi nimtundikie baba yao dripu ili wasionekane wamemtupa, nami nikamtundikia lita 2 kwa siku mbili. Siku ya tatu mikono ilikuwa imevimba hata pete haitoki, na pumzi yake ilikuwa ikichemka kama sufuria ya maharage. Mtoto wake mkubwa aliniuliza kwa sauti ya chini, "Sista, haya maji yanamsaidia nani?" Nilizima dripu, lakini jibu sikumpa siku ile.

Mkauko wa mdomo ndio unaomsumbua anayekufa kuliko kiu yenyewe, na huo dawa yake mnayo nyumbani. Chukua kitambaa laini cha pamba, kikichovye katika maji safi ya uvuguvugu, kikamue mpaka kiache kudondosha, ukizungushe kidoleni, upitishe ndani ya mashavu, juu ya ulimi na kwenye fizi. Kisha mpake mafuta ya mgando midomoni. Rudia kila baada ya saa moja au mbili anapokuwa macho, na mgeuzeni ubavu kila baada ya saa chache. Kaka yako anataka kumfanyia mama yake kitu. Mpe kitambaa hicho. Nyumba ikiwa na maji ya zamzam, yatumieni kuloweshea kitambaa, lakini msimimine kwa kikombe kwenye kinywa cha mtu asiyemeza.

Siku zitakapokaribia zaidi mtaona pumzi zinakwenda haraka, zinapungua, zinasimama hata nusu dakika, kisha zinarudi tena. Mpangilio huo ulielezwa na madaktari wawili waliofanya kazi Dublin, John Cheyne mwaka 1818 na William Stokes mwaka 1854, zamani sana kabla chupa yenu haijatengenezwa, kwa hiyo mama mdogo asije akaubandika kwenye mofini. Miguu itakuwa ya baridi na yenye mabaka. Kooni kunaweza kukoroma kwa ute ambao hana nguvu ya kuumeza; mlazeni ubavu, kichwa kikiwa juu kidogo, na zipo dawa za kupunguza ute mpya. Mlio huo huwatesa zaidi wanaousikia, kwani mwenyewe kwa kawaida huwa ameshazama. Hata hivyo msiseme kando ya kitanda jambo ambalo msingependa alisikie. Kumlakinia shahada kufanywe na mtu mmoja, kwa sauti ya taratibu, na akishaitamka aachwe. Watu kumi wakipaza sauti juu ya kitanda humtia hofu. Lakini kuombana radhi na kupokea wosia kuna wakati wake, nao ni sasa, katika zile dakika za asubuhi anapofumbua macho, kabla hajakata kauli. Akiuliza kama anakufa, msimwambie kwamba atapona. Muulizeni yeye mwenyewe anaonaje, kisha mnyamaze. Wengi wao huwa wanajua zamani, na wanawaficha ninyi.

Kuhusu mwanao, mwambie leo kwamba bibi anaumwa sana, dawa zimeshindwa kumponya na atakufa. Likitokea, tumia neno hilohilo. Mtoto aliyezoea kulala kando ya bibi, akiambiwa kwamba bibi amelala au amesafiri, ataogopa kulala au atakaa kizingitini kumsubiri. Mhamishieni malazi mapema, na msimlazimishe kumwona maiti wala msimkataze akitaka, ilimradi mtu mzima amshike mkono. Atauliza swali lilelile mara nyingi, na atacheza siku ya msiba. Msimkaripie.

Nimeliacha mwisho lile neno la mama mdogo kwamba utakuwa umemuua kwa mkono wako, kwa kuwa naona ndilo lililokufanya uandike. Hebu tuhesabu pamoja. Mgonjwa anayepewa dawa kila baada ya saa 4, au 6, au 8, wakati wowote atakapofariki atakuwa amepewa dozi fulani saa chache tu kabla, hata kama dozi hiyo haikuhusika kwa lolote. Mtu fulani lazima awe ameitoa. Kwa kuwa ni wewe unayepima, kuna uwezekano mkubwa mtu huyo ukawa wewe, na usipojiandaa utaibeba dozi hiyo kupitia mazishi, hitma na arobaini. Nimekutana na wauguzaji ambao miaka imepita na bado wanakumbuka ilikuwa saa ngapi na bomba lilifika mstari gani.

Chukua daftari la mistari, uandike kwa kila dozi tarehe, saa, kiasi, pumzi kwa dakika, na jina la aliyetoa. Kisha mwombe mama mdogo akae nawe dozi moja tangu mwanzo. Asishike bomba kama hataki. Autazame uso wa dada yake kabla, akunjavyo paji na kukaza vidole kwenye shuka, kisha autazame tena baada ya nusu saa. Mimi nimeeleza kwa maneno katika nyumba nyingi, lakini nusu hiyo ya saa husadikisha kuliko mimi.

Yote yakishakwisha, mofini itakayobaki msiimwage wala msimpe jirani mwenye mgonjwa, hata akiwaomba kwa machozi, maana ni dawa inayodhibitiwa kisheria na dozi ya mama si dozi ya mtu mwingine. Irudishe mwenyewe hospitalini baada ya matanga kuanuliwa, pamoja na lile daftari, na usiiache dirishani ukaondoka. Mwombe muuguzi aliyekuwa akiwahudumia mkae mlifungue ukurasa wa mwisho, msome pamoja saa, kiasi na pumzi ulizohesabu.