Padre ukitunga wimbo, tafuta wa kukukosoa

Frateri mmoja, kijana anayesomea upadre, aliniuliza juzi afanyeje ili upadre usiue utunzi wake. Alidhani adui ni muda. Kweli, misa ya alfajiri, wagonjwa, ndoa na mazishi humaliza siku, lakini beti huja hata nikingoja feri ya Likoni, nami huzirekodi kwenye simu. Kinachoua utunzi wa padre ni heshima. Waumini hawathubutu kukwambia kwamba ubeti wako mbovu.

Mimi aliyethubutu nilimpata Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa: mzee Mwislamu anayeyajua mashairi ya Muyaka, malenga wa zamani, kwa moyo. Nilimsomea mshororo niliouonea fahari:

Nimechoka safarini, Bwana unipe pumziko.

Akahesabu mizani, yaani silabi, kwa vidole. "Padri, utao umezidi mizani moja."

Utao ni kipande cha pili cha mshororo. Nikabisha kwamba kina mizani nane kama cha kwanza.

"Hiyo m nayo ni mizani. Pu-m-zi-ko."

Nikaitoa u: Bwana nipe pumziko. Nane kwa nane, na ombi likawa fupi kama anavyoomba mtu aliyechoka kweli.

Kwenye muziki nilikosea zaidi. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, ni-me-CHO-ka, nami nilipandisha noti kwenye ka. Kwaya ikaimba hivyo hivyo kwa utiifu, wiki mbili nzima. Kisha mama mmoja wa alto akanisogelea baada ya mazoezi, macho chini: "Padre, hilo neno linatuvunjikia mdomoni." Nilirekebisha papo hapo kwenye kinanda. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1963, ulitufungulia mlango wa kuadhimisha misa kwa lugha zetu. Kuivunja lugha hiyo madhabahuni kunaniuma.

Siku hizi wimbo mpya naufundisha bila kutaja mtunzi, na kayamba haiingii mpaka maneno yaimbike yenyewe. Tena mwalimu wa kwaya aukubali kwanza. Kuwa paroko si kibali.

Mwaka jana, kwenye mazishi ng'ambo ya Likoni, akina mama wa jumuiya waliuanzisha ule wimbo wangu wa Nimechoka kaburini bila kitabu wala kinanda. Walikuwa wameubadilisha: Tumechoka safarini, Bwana tupe pumziko. Mizani ilikuwa sawasawa. Niliporudi nyumbani nilifungua daftari, nikafuta langu, nikaandika lao.