Gauni la nguva au la umbo la A?

Hongera sana, dada. Umeuliza tofauti ya gauni la harusi la nguva na la umbo la A, na lipi likufae wewe mwenye nyonga pana unayetaka kucheza hadi usiku wa manane.

La nguva hubana kifua, kiuno na nyonga, kisha hufunguka chini karibu na magoti. Kwenye picha linapendeza mno, ila hatua zinakuwa fupi na kukaa ni kazi. Ukilijaribu, usiishie kusimama mbele ya kioo: kaa, inama, panda ngazi, inua mikono. Mshono ukivuta mapajani, liache.

La umbo la A hubana juu tu, halafu sketi inapanuka taratibu kuanzia kiunoni. Kwako ningechagua hili bila kusita, maana nyonga zinapata nafasi na miguu iko huru. Lile la sketi iliyofura ni zuri pia, lakini zito.

Likiwa na mkia, yaani kitambaa kirefu kinachoburuzika nyuma, mwambie fundi aweke vifungo vya kuupandisha nyuma wakati wa kucheza. Na ukienda kupima, vaa viatu vya siku yenyewe, kwani pindo hukatwa kulingana na urefu wa kisigino.